Shorobo, Papai na Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Duka la pembejeo la Sirari linatafuta picha ya ndege wa porini aliyetua uani kwa mtu. Picha itakayoshinda itawekwa kwenye kalenda ya mwakani. Kalenda ya mwaka huu ina beberu wa jirani yangu Nelson, na kila nyumba ninayoingia hapa Susuni yule beberu ananitazama. Nimechoka! Nimesimika mti uani, nikafunga juu yake ungo wa mke wangu na papai lililoiva. Eunice ameuliza ungo wake uko wapi. Nimesema sijui.

Jumanne, 2 Septemba
Shomoro tu. Nelson amechungulia uani kwangu akacheka, eti wenzangu wanafukuza ndege kwenye ulezi, mimi nawaandalia meza. Nikamjibu mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni naye amesimika mti wake. Mwizi wa akili!

Jumatano, 3 Septemba
Shorobo! Ndege wa zambarau mwili mzima, kichwani mwekundu. Aliponiona na simu akarukia kwa Nelson. Kesho najificha kwenye banda la kuku.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimeingia bandani alfajiri. Viroboto! Saa tatu mama mkwe akafika kutoka Gorong'a bila taarifa. Eunice akamwekea kigoda wapi? Chini ya ungo wangu! Sisi Wakurya mama mkwe humtazami usoni, sembuse kumtokea kutoka bandani na mavi ya kuku kichwani. Nikabaki. Saa tano shorobo akatua kwenye ungo, pale pale juu ya kichwa cha mama. Nikafumba macho kwa heshima, nikabonyeza. Kisha nikapiga chafya. Mama akauliza kama kuku wetu wana mafua. Eunice akamwambia ni jogoo mmoja tu, naye karibu atachinjwa.

Ijumaa, 5 Septemba
Picha imetoka safi! Upande wa mama kwenye simu nimeuziba kwa kidole gumba, nikatazama ndege tu. Shorobo ana papai mdomoni. Nimeituma dukani hapo hapo.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeshinda! Nelson amekuja kunipa mkono, mpole ajabu. Akauliza kalenda nitaitundika chumba gani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema picha ameiona dukani, na mama mkwe wangu ametokea vizuri sana, mdomo wazi, maji ya papai yakimdondokea puani.

Kidole changu! Dukani hawakuwa na kidole changu!

Sasa mama mkwe atakuwa kwenye kila ukuta wa Susuni, na mimi nitaingia nyumba za watu nimeinamisha kichwa mwaka mzima. Nimemkumbuka beberu kwa uchungu. Eunice anasema mama yake amefurahi, ameagiza kalenda kumi.

Basi. Kosa lilikuwa mahali tu; mashindano yajayo napiga picha kwingine. Uani kwa baba mkwe kuna mpera unaojaa ndege, na pembeni yake banda la mbuzi. Mlango wake ni mdogo, lakini nikijikunja nitaenea.