Mfalme wa Shaba Mezani kwa Baba

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimemwona! Mfalme Aleksandr wa Tatu, wa shaba, kichwa na mabega, juu ya meza ya Nonna Gavrilovna pale soko la vitu vya kale. Ni yule yule wa baba. Nimemjua kwa pengo la sikio la kushoto: nilimwangusha mwenyewe mwaka 1961, nikiwa na miaka minane. Baba alikuwa akimtundikia kofia. Akija mwenyekiti wa jengo, mtu asiyetaka kusikia habari za wafalme, baba anamfunika mfalme wake taulo na kusema ni unga wa mkate unaumuka. Halafu mimi, mjinga, katika baridi ya 1992, nikambadilisha kwa magunia mawili ya viazi. Machi viazi vikaisha. Sasa Nonna anataka rubli elfu arobaini. Nimejikohoza ili asione machozi. Ameona.

Jumapili, 6 Oktoba
Nina mbinu! Nimeshinda sokoni nikiwanong'oneza wateja kwamba ni zinki iliyopakwa rangi. Hata Kasyan Fomich nimemnong'oneza. Huyu ni jirani yangu tangu utotoni, mwenye wafalme kumi na mmoja kabatini na majivuno ya wafalme ishirini. Aleksandr wa Tatu ndiye anayemkosa. Amenitazama kwa muda, akanishukuru kwa kumzindua, akaenda zake. Kumbe ni mwepesi hivi!

Jumanne, 8 Oktoba
Bei imepanda. Nonna alisikia uvumi, akampeleka Aleksandr kwa mtaalamu. Kagonga, kapima, kathibitisha: shaba tupu, ya kabla ya mapinduzi. Sasa ni elfu themanini. Nonna ameniomba, mbele ya soko zima, nizikashifu na samovari zake, yale mabirika ya kuchemshia maji ya chai, maana hazinunuliwi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mbinu ya pili: mapenzi. Nimevaa tai, nikampelekea Nonna maandazi yaliyojazwa kabichi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Amekula vyote. Ameisifia tai. Kisha, huku akijifuta vidole, akasema Kasyan amekuja asubuhi na kumnunua Aleksandr, wala hakuomba apunguziwe. Nimerudi kwa miguu, kwenye mvua.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kasyan kaniita chai. Nimekwenda na matusi manane, nimeyapanga vizuri. Nikamkuta Aleksandr mezani, kati ya birika na jamu ya cheri.

"Wewe Lavrenti na zinki yako!" akasema Kasyan. "Si nilikuwepo siku ulipomwangusha? Ulilia, ukanibembeleza niseme ni mimi. Nikasema. Baba yako akanivuta sikio, halafu akanipa peremende."

Nilikuwa nimesahau. Miaka hamsini na minane!

"Mchukue," akasema. "Huku kwangu atakaa kabatini tu."

Matusi yote manane nimeyarudisha mfukoni. Nimemshusha Aleksandr ngazi nikiwa nimemkumbatia, mzito kama mtoto aliyelala. Nyumbani nimekaa naye hadi chakula kikapoa. Nimeikumbuka hata sauti ya baba akivua viatu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kasyan ameenda kupumzika sanatoriamu wiki mbili. Kaniachia ufunguo nimwagilie maua. Rafiki wa kweli! Nimeapa sitamfanyia hila tena maishani.

Nimesimama kidogo mbele ya kabati lake. Malkia Yekaterina yuko nyuma kabisa, hakuna hata anayemtazama. Na Aleksandr wangu yuko peke yake. Nimeulizia tu, ili nijue: nakala ya plasta hukauka kwa siku tatu. Nimenunua kilo kumi, na kopo la rangi ya shaba.

Maua nitayamwagilia kesho.