Vita vya Kumwinua Ngamia wa Marehemu Maka

Sogeeni, enyi mlioketi na mlioegemea magunia, funikeni vikombe vyenu inzi wasiingie, msikie habari za vita ambavyo redio ya serikali haikuvitaja hata kwa kikohozi: namna majeshi ya mataifa matatu yalivyozuiwa na ngamia mmoja aliyepiga magoti, na namna Nunow mwana wa Gelle, mgane, mwenye shuka moja na hasira zisizopimika, alivyoyafungulia njia.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, kaskazini ya Garissa, siku zile wakubwa walipoamuru wafugaji wote wahamie ndani ya seng'enge, wakae huko kama mbuzi wa mnada, eti ndiyo amani. Asubuhi hiyo Nunow alimpigisha magoti Madobe, ngamia wake wa mizigo, katikati ya barabara, maana hapo ndipo palipokuwa tambarare. Akamfunga miti ya nyumba, mikeka, na madebe ya maji. Yote aliyobakiwa nayo duniani yalikuwa juu ya mgongo ule. Kisha akamwambia simama.

Madobe hakusimama.

Kwa watu wa Nunow nyumba ni ya mwanamke: ndiye aijengaye, ndiye aibomoaye, ndiye amtwikaye ngamia, na akitwika huimba. Miaka kumi na miwili Madobe alikuwa akiinuka kwa wimbo wa Maka, mke wa Nunow, wala hakujua amri nyingine; na Maka alikuwa mchangani mwezi wa tatu sasa. Nunow aliujua wimbo ule neno kwa neno. Lakini mwanamume kuimba wimbo wa kutwika? Si afadhali avae shungi kabisa, wamcheke mpaka Wajir! Basi akavuta kamba, akapiga fimbo, akaomba dua, akamtukana Madobe mpaka kwa bibi yake. Mnyama akacheua, macho nusu.

Ndipo vumbi lilipofunga upeo wa mashariki. Lilikuwa zoezi kuu la kulinda amani: askari wa Kenya mbele, wakufunzi wa Kiingereza katikati, maofisa wa Uhabeshi nyuma, malori thelathini na mawili yakinguruma kama njaa ya mwezi wa kiangazi. Adui nao walikuwapo, askari wenzao waliofungwa vitambaa vyekundu mikononi, wameketi juu ya kilima wanakula biskuti, wakingoja kushindwa.

Lori la kwanza likafunga breki hatua tano kutoka puani pa Madobe. Kushoto uwanda mtupu, kulia uwanda mtupu. Pangepita mataifa kumi na ng'ombe wao. Lakini ramani ilisema barabara, na kwa sheria ya zoezi lile, gari likitoka barabarani huhesabiwa limekanyaga bomu na waliomo wamekufa. Basi mashujaa wale, kwa kuogopa kufa kwenye karatasi, wakabaki hapohapo juani.

Akashuka Kapteni Muriuki, mwana wa milima ya baridi, buti zikimeta kama sufuria ya harusi, na ubavuni mwake mkalimani Issack, mtu wa ukoo wa Nunow.

"Mzee," akasema Kapteni, kifua mbele, "juu ya kilima kile cha pili wamekaa wageni wa ng'ambo na darubini zao, na saa nne kamili inatakiwa tuwe tumeshinda. Ngamia wako ni kizuizi. Kitabu kinasema kizuizi kiondolewe. Nakupa dakika ishirini. Zikiisha nina risasi."

Vita vikaanza. Askari kumi na wawili wakamsukuma Madobe makalioni, wakaanguka kifudifudi. Meja wa Kiingereza akaja na mbinu yake, ameikunjua ramani. Madobe akamtemea majani ya jana juu ya ramani, akazamisha mito miwili na kambi. Luteni mmoja wa Kihabeshi, aliyekulia kwenye ngamia, akasema mnyama huyu anamngoja mwanamke. Cheo chake kilikuwa kidogo, hakuna aliyemsikia.

Nunow akaketi chini, akasema, na Issack akafasiri kila neno.

"Afande, mke wangu Maka alilala kwenye kizuizi chenu siku mbili, damu inamtoka, kwa sababu karatasi yake ya kwenda hospitali haikuwa na mhuri. Niliwashika miguu. Mkasema amri ni amri, tungoje. Tulingoja, naye akafa. Haya, leo ngojeni ninyi."

Kapteni alitazama saa yake, maana uso wa mzee ulikuwa mgumu kutazama. Kisha akamwamuru askari atie risasi bundukini.

Issack akainama sikioni mwa Nunow. "Adeer, ami yangu, imba. Aibu haiui ngamia. Risasi inaua."

Na Nunow, mbele ya mataifa matatu, akasimama, akashika mkia wa kamba kama Maka alivyoushika, akaimba kwa lugha ya kwao, maana yake hii:

*Inuka, mbeba nyumba yangu,*
*mgongo wako ndio mlango wangu;*
*sikutwishi tulikotoka,*
*nakutwisha tutakapolala.*

Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa bati. Malori yote yakacheka. Madobe akageuza shingo, akaangalia nyuma ya mzee, akatafuta, asione mtu. Akakaa kidogo. Kisha miguu ya nyuma ikainuka, ya mbele ikafuata, na nyumba nzima ikapaa juu ya vichwa vya majeshi.

Kilima cha adui kilitekwa saa nne na dakika saba, wageni wakapiga makofi, na Kapteni akaandika kwamba vikosi vyake viliondoa kizuizi bila kumwaga damu. Na waandike, wino ni wao. Ila ijulikane kwa vizazi kwamba siku ile, kati ya wote waliokuja kuleta amani, aliyeinua kitu ni mzee mmoja kwa wimbo wa kike. Na kwamba ngamia alikwisha kusimama, malori yalikwisha kupita, wala hakuna aliyekuwa akimwamuru mzee tena, naye Nunow akaenda na kamba yake akiimba bado.