Maji ya Mbao za Maalim Taha

Jumatatu, 1 Juni 1936
Maalim Taha ametangaza: anayemtaka binti yake Suad asome Yasin kwa moyo, Ijumaa, mbele ya wazee. Suad namtaka. Yasin siijui. Abdelkarim, fundi cherehani, anaijua, na anaisoma huku akishona ili Kibra nzima isikie. Nyodo tupu!

Jumanne, 2 Juni
Nimepata! Mama kaumwa kichwa. Maalim akamwandikia aya ubaoni, akaosha ubao, akampa maji yale anywe. Maji hayo huitwa mihaya. Nikamuuliza Maalim jina limetoka wapi. Akafurahi mno, sijawahi kumuuliza kitu. Akasema ni Kiarabu, maana yake kilichofutwa. Babu zetu walikuja nalo kutoka Sudan wakiwa askari, begani bunduki za serikali. Nikawaza: kilichofutwa hakijapotea, kimo majini! Nisome ya nini, na kunywa naweza?

Jumatano, 3 Juni
Nimejitolea kuosha mbao za chuoni. Maalim kaniombea dua. Nimekunywa beseni zima. Wino wa masizi na gundi! Tumbo linasoma kwa sauti. Mama anasema hata punda angeuliza kwanza. Suad kasikia, kacheka, kisha kaleta chai ya tangawizi. Kaniletea mimi, si Abdelkarim.

Ijumaa, 5 Juni
Abdelkarim kasoma mpaka wazee wakalia. Zamu yangu. Nikafumbua mdomo, nikaisubiri sura. Ikatoka mbweu. Maalim akaitazama midomo yangu, bado myeusi kwa wino, akauliza nimekunywa mbao za nani. Za wote, nikasema. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe ni za watoto wa alifu na bee! Tena, akasema, hata zingekuwa za Yasin, mwanangu, mihaya ni dawa, si mwalimu. Lakini Suad kamkataa Abdelkarim: hataki mume anayejisikiliza. Maalim kanipa mpaka mwezi ujao: nihifadhi sura, au nipate kazi ya ofisini.

Jumatatu, 8 Juni
Ofisini wanataka Kizungu. Nimekwenda Riruta kwa Ndungu, karani. Anaandika, anakosea, anasugua kwa raba, kisha vumbi analipuliza. Analipuliza! Mali yote ile! Nimelikinga kwa kiganja. Ndungu akasema, wewe Fadul, raba hii inafuta makosa tu. Nikamjibu, hata makosa ya Kizungu ni Kizungu. Nimelikoroga kwenye chai, nimekunywa. Nimekohoa kidogo. Kwa Kizungu, naamini.