Bandari ya Dawa ya Minyoo

Profesa, ambaye aliachana na shule darasa la saba kwa maelewano mazuri ya pande zote mbili, alikuwa amejibanza mapokezi ya hoteli mpya akifaidi kiyoyozi cha bure, alipomsikia mama mmoja wa miwani akiongea na simu. Mama huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuipamba hoteli. Alitaka ramani za kale, zile walizochora Wazungu enzi za kugombania bandari zetu, na bei si tatizo.

Bei si tatizo! Profesa hawezi kusikia maneno hayo akatulia. Isitoshe, mama yake mzazi alikuwa amempa hadi Ijumaa: apate kazi ya maana au afungashe virago. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

Akakimbia nyumbani, akachora pwani, merikebu tatu na nyangumi aliyefanana kidogo na mjomba wake. Majina ya bandari aliyanakili kutoka kwenye pakiti ya dawa ya minyoo, maana yalikuwa ya Kizungu na yanatisha. Karatasi akailoweka kwenye chai ya rangi, akaianika, akaunguza kingo kwa kiberiti. Akaitia kwenye fremu, na ilipocheza ndani, akabandua karatasi kuukuu iliyotandikwa ndani ya sanduku la mama yake, akaishindilia nyuma. Msimcheke sana, mimi ninayewasimulia ninayo kazi yake moja sebuleni, na niliilipia taslimu.

Kesho yake akaipeleka.

"Ya mwaka gani?" mama wa miwani akauliza.

"Zamani mno, mama. Hata miaka walikuwa bado hawajaanza kuihesabu."

Mama akaigeuza fremu, akainama kuikagua ile karatasi ya nyuma.

"Na hii je?"

"Ah, takataka tu hiyo ya sandukuni kwetu. Inakaza fremu."

Mama hakuomba apunguziwe hata senti. Alichotaka ni hati: nimeuza fremu pamoja na vyote vilivyomo. Profesa akatia sahihi kwa mbwembwe. Hapo mama akachomoa bisibisi mkobani, akafungua fremu, akamrudishia pwani yake na nyangumi wake.

"Shika yako, mwanangu. Bandari yako kubwa nimeshawahi kuinywa, vidonge viwili kabla ya kula." Kisha akainua ile ya nyuma kwa ncha za vidole. "Hii ndiyo ramani ya kweli. Ina miaka mia tatu. Thamani yake ni nyumba nzima."

Profesa alirudi nyumbani miguu mizito, akamweleza mama yake kila kitu, kisha akaanza kukunja mashati yake mwenyewe kabla hajafukuzwa.

"Nyumba nzima?" mama akauliza.

"Nzima, mama."

Mama akakaa kitandani, akamtazama kijana wake wa miaka arobaini na moja.

"Rudisha hayo mashati kabatini. Huendi popote. Mjinga wa kiasi hiki nikimwachilia mjini, watamuuza na yeye."