Saa Thelathini za Pedali

Jumatatu, 2 Februari

Nimepoteza mke mmoja na sato kilo ishirini na mbili. Hayo yote jana, Jumapili, saa tisa alasiri. Sato walitangulia.

Niandike ukweli ukiwa mbichi. Ijumaa niliichomoa friza kwenye umeme wa mita, nikaiunganisha na baiskeli yangu: gurudumu la nyuma, mkanda, alteneta ya Corolla iliyokufa, betri, inveta. Kazi safi! Ndani ya friza mke wangu Kokulinda alikuwa amejaza samaki wa kipaimara cha Precious, binti wa kaka yake kule Sengerema. Jana akafunua. Harufu sitaieleza. Majirani wameshaieleza.

Hakupiga kelele. Kokulinda akikasirika anakuwa mpole, ndiyo ubaya wake. Alijifunga kanga, akasema Baba Dorcas, siku friza hii ikigandisha maji ya kikombe kimoja kwa hiyo baiskeli yako, nipigie. Au nunua uniti za umeme, nirudi hata leo. Akavuka daraja la Busisi kwenda kwa kaka yake.

Uniti sinunui. Nilishaapa mbele ya Masalu. Masalu ni jirani yangu hapa Pasiansi. Ana paneli nne za sola na mdomo mmoja unaofanya kazi ya kumi.

Jumanne, 3 Februari

Hesabu. Nilianza maisha na pampu moja na spana mbili. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya.

Miguu yangu, nikiwa nimeshiba: wati themanini. Mkanda, alteneta, betri na inveta zinakula nusu. Kwa kila saa ninayokanyaga napata arobaini. Friza kwa siku inataka elfu moja na mia mbili. Gawanya: saa thelathini.

Siku ina saa ishirini na nne.

Nimerudia mara tatu. Hesabu ni sahihi. Kasoro iko kwenye siku.

Hata hivyo nimekanyaga saa mbili na robo. Friza ikakohoa, inveta ikalia pii, kimya. Magoti yanawaka. Nimekula ugali wa watu watatu, peke yangu, kwenye meza ya watu wawili. Masalu akachungulia juu ya ukuta, akauliza eti ndugu yangu, unakwenda wapi mbona hufiki? Akasema anirushie waya, bure. Nikamjibu sitaki mwanga wa kuomba. Akasema basi chukua wa kuazima, utaurudisha ukifika.

Alhamisi, 5 Februari

Nilidhani nimepata dawa. Saa thelathini kwa mtu mmoja ni wazimu. Kwa watu kumi ni saa tatu tatu. Sisi Wasukuma shamba likimshinda mtu anaita kikundi: watu wanalima kwa ngoma, mwenye shamba analisha. Umeme nao ni shamba. Jana nikampigia binamu yangu Ngosha wa Kisesa, mwenye kikundi cha kulima. Akauliza ekari ngapi. Nikasema wati elfu moja na mia mbili. Akasema hizo ni nyingi, chinja mbuzi wawili.

Asubuhi wamekuja kumi na sita, na ngoma mbili.

Nilisahau kwamba hawafanyi kazi bila wimbo. Mwimbaji akiwa kwenye ubeti, pedali zinazunguka kana kwamba zinafikiri. Wenzake wakiitikia, mwendo unachanganya. Taa ya inveta ikawa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Nilisahau pia kwamba hawalimi bila kushindana. Wamejigawa pande mbili kama kawaida yao, nami nina baiskeli moja. Upande wa pili ukadai baiskeli yake. Ukaketi juu ya friza kuisubiri.

Na mwimbaji hutunga papo hapo, tena humtungia mwenye shamba, na leo ni mimi, Mhoja! Akaimba: Mhoja kapanda baiskeli tangu jogoo awike. Mke kafika Sengerema, yeye bado Pasiansi. Kumi na sita wakaitikia. Sauti ya kumi na saba ikatoka nyuma ya ukuta.

Saa saba mkanda ukakatika. Wakala mbuzi wawili, ugali wa debe zima, na mkaa gunia moja umeteketea kuupika. Friza ilinguruma dakika hamsini. Kikombe nimekipima kwa kidole: baridi ya maji ya mtungi. Ngosha akaniaga kwa huruma. Akasema pole mkuu, shamba lako lina mawe.

Jumamosi, 7 Februari

Nimefanya jambo la aibu, kwa hiyo naliandika kwa kifupi.

Nilikwenda mwaloni Kirumba, nikapata kipande cha barafu kwa wauza samaki, nikakichonga kikaenea kikombeni. Nikakiweka ndani ya friza, nikapiga picha, nikamtumia Kokulinda. Maneno mawili: Imeganda. Rudi.

Dakika nne tu. Akajibu kwamba amefurahi sana, ila ameikuza picha, na angependa kujua huyo dagaa aliyemo kwenye barafu aliingiaje. Aliogelea kupitia waya?

Barafu imeyeyuka. Dagaa kaliwa na paka wa Masalu.

Jumapili, 8 Februari

Kipaimara. Nilivuka daraja nikiwa na suti na zawadi ya vitenge. Precious kapendeza. Mezani hapakuwa na sato. Palikuwa na kuku, na kila aliyemega kuku aliniangalia. Shemeji Projest, kaka yake Kokulinda, alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Akaninong'oneza kwamba dada yake hali chakula sawasawa. Akasema shemeji, ni simu tu: unabonyeza, uniti zinaingia, mke anaingia.

Kokulinda akanifuata nje. Amekonda uso. Akasema kelele za mnyororo wangu alishazizoea, sasa kimya cha huku kinamsumbua. Akauliza polepole: utanunua?

Neno ndiyo lilifika mpaka kooni. Naapa lilifika. Halafu nikamtazama alivyosimama, miguu imara, mtu aliyekulia kupanda milima ya Muleba na ndoo kichwani. Neno lile likapishwa na jingine. Nikamuuliza ana kilo ngapi.

Akarudi ndani. Mlango hakuubamiza. Aliurudishia taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Jumatatu, 9 Februari

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimeamka nimelitambua kosa langu, na mimi si mtu wa kukataa kosa: niliweka kiti kimoja.

Leo nimeongeza cha pili, na pedali zake. Nimechomelesha kwa fundi wa barabarani. Anatumia umeme wa mita, lakini hayo ni yake. Hesabu mpya: arobaini zangu, arobaini zake, themanini. Elfu moja na mia mbili kwa themanini: saa kumi na tano. Zinabaki saa tisa nzima za kulala, kula na kuzungumza kama mke na mume. Siku imetosha!

Nimemtumia ujumbe, safari hii bila picha. Mama Dorcas, sitaki maelezo, wala sitaki kaka yako anijibie. Nijibu mwenyewe, kwa neno moja, kabla ya Jumatano saa sita mchana: utakaa kiti cha mbele au cha nyuma?