Malalamiko Kuhusu Ajali Moja ya Laptopu Kutoutosha Ukoo Mzima

Kwako Ndugu Msimamizi wa Bima za Ajali, Duka la Kompyuta,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wenzako hapo dukani hamjambo, na kwamba tangu asubuhi hakuna kilichoanguka. Sisi huku ni wazima, isipokuwa laptopu, ambayo ni nzima upande wa kulia tu. Ndiyo maana barua hii naiandika kwa kalamu.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Kwa miaka mingi nimewachorea ndugu zangu bure, wakanilipa kwa dua. Sina ubaya na dua, ila mwenye nyumba wangu hazipokei. Sasa nimepata mteja wangu wa kwanza asiye ndugu: mama mmoja mwoka mikate anayetaka kujenga bekari. Mafundi wake wanaanza kuchimba msingi wiki ijayo. Nisipomkabidhi ramani kabla ya hapo, atakwenda kwa yule mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila nyumba anayochora choo kinatazama sebuleni. Kwa hiyo nakuomba usome malalamiko haya kwa utulivu, maana mimi mwenyewe utulivu umenishinda.

1. Kuhusu uchaguzi wa sifa. Katika ukoo wetu hakuna mtu anayenunua kitu kikubwa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunachanga, na kila aliyechanga ana neno lake. Nilieleza kikaoni kwa heshima zote kwamba mchoraji anahitaji prosesa yenye kasi, kumbukumbu ya kutosha na kadi nzuri ya michoro. Nikapigiwa makofi. Kisha kila mmoja akachagua sifa aitakayo yeye. Babu, ambaye ndiye mwenyekiti, alichagua uzito. Alisema kitu chepesi ni cha mwizi. Mama alichagua betri ya kukaa mpaka asahau ilichajiwa lini. Baba Mdogo, tunayemwita Injinia tangu alipotengeneza kengele ya mlango ikalia yenyewe siku nzima, aliipunguza kumbukumbu. Aliuliza kumbukumbu kubwa ya nini, kwani hiyo laptopu ina kinyongo na mtu? Shangazi, dada wa baba yangu, alichagua kioo kipana kama dirisha, ili akija Jumapili awaone wajukuu zake walio mbali pamoja na masikio yao. Mimi niliyechanga kidogo kuliko wote niliachiwa rangi ya mkoba. Nilichagua bluu.

Lawama yangu kwenu ni hii: tulipofika dukani na sifa hizo, binti wa kaunta hakushtuka. Alisema ipo. Ndugu Msimamizi, kitu kama kile kilikuwa kinafanya nini dukani kwenu? Nikifungua ramani ya vyumba viwili tu, laptopu hunyamaza kwanza kama mtu aliyeulizwa umri wake.

2. Kuhusu bima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: binti wa kaunta alitueleza vizuri sana. Ikianguka, ikimwagiwa chai, ikikaliwa na mtu, mnaitengeneza bure, lakini mara moja kwa mwaka. Akamalizia kwa tabasamu kwamba tunaruhusiwa ajali moja. Masikini binti wa watu, hakujua sisi ni ukoo wa namna gani. Ukituambia kuna kimoja cha kitu chochote, lazima tujue ni cha nani. Kikao kikakaa upya hapo hapo mbele ya kaunta, wateja wengine wakitupisha. Babu alitaka ajali iwe ya mkubwa kwa umri. Mama alisema apewe mwenye kazi nyingi. Injinia aliahidi kuitumia vizuri. Hapo Shangazi akagonga kaunta, akasema ajali ni yake, yeye ndiye aliyechanga zaidi, na bima iandikwe jina lake. Ikaandikwa. Babu akafunga kikao kwa kuomba dua tusije tukaihitaji, na Injinia hakuitikia amina.

3. Kuhusu kilichotokea. Mwezi uliopita laptopu ilianguka nikiwa naitumia mimi. Uzito alioupenda Babu uliishinda meza. Mguu mmoja ukalegea, laptopu ikateleza pole pole mbele ya macho yangu, ikafika sakafuni kabla mimi sijafika. Tangu siku hiyo nusu ya kioo, upande wa kushoto, ni giza tupu. Nilikwenda kwa Babu kuomba niitumie ajali. Akaniambia ajali ya mwaka huu ina mwenyewe: kwa Shangazi ingekuwa ajali, kwangu mimi ni uzembe. Kwenu nako siwezi kuja bila yeye, kwa kuwa mwenye jina ndiye anayetakiwa kufika na kueleza. Kumwendea Shangazi mwenyewe sikuthubutu. Wewe hukumwona alivyogonga ile kaunta.

Na vifaa vyote vya kuchorea vimepangwa kushoto, huko gizani. Nabonyeza kwa kubahatisha. Nikitafuta mlango napata sinki. Ninavyoandika sasa, bekari ya yule mama ina masinki manne na haina pa kuingilia. Injinia amenishauri nisogeze kiti kulia.

4. Kuhusu chai. Kwa kuwa ajali ni yake, Shangazi ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kunywa chai karibu na laptopu. Sisi wengine tunakunywa uani. Kila Jumapili anashika kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, juu kabisa ya kibodi, anacheka na wajukuu, na kikombe kinayumba naye. Hamwagi hata tone! Mungu anisamehe, nimeketi pale nikikiangalia kile kikombe kwa matumaini mpaka Mama akaniuliza kama nina homa.

5. Kuhusu nini kifanyike. Wahenga walisema ajali haina kinga. Nyinyi mkaiwekea kinga, hongereni, lakini mkaipima kwa kijiko. Naomba kila mwanaukoo apewe ajali yake, na moja ya akiba kwa ajili ya wageni. Kama haiwezekani, nikopesheni ya mwakani. Kama nayo haiwezekani, jirani yetu mshona viatu alinunua bima kama yetu. Ni mtu mtaratibu, laptopu yake anaifunika kitambaa na kuiaga kabla ya kulala, hatavunja kitu hadi kiyama. Nihamishieni ajali yake. Nimeshazungumza naye na amekubali, mradi nimrudishie ikiwa nzima.

Tena nimewaza zaidi. Wateja waangalifu ni wengi, na kila mwaka unapokwisha ajali zao zinabaki. Zinakwenda wapi? Haiwezekani ziwe zinaozea stoo wakati sisi tunahangaika. Zigawiwe kwa koo kama wetu, ambazo mikono yao imezoea kazi hiyo. Na mkishindwa yote haya, mtume afisa wenu mwenye mikono mizito, saa za kazi, aje aiangushe yeye. Hapo kosa litakuwa lenu, na sisi hatutadai zaidi ya matengenezo na pole.

Nimesema yote bila kumvunjia mtu heshima. Msalimie binti wa kaunta, mlinzi wa mlangoni aliyemletea Babu kiti, fundi wenu wa chumba cha nyuma, na wateja wote waliotupisha siku ile. Nyumbani kwako pia nisalimie wakubwa kwa wadogo.

Wako katika nusu ya mwanga,
Mchora ramani, yule wa mkoba wa bluu.

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, Shangazi aliingia, akaikuta barua mezani, akaisoma yote. Nikangojea mvua ya matusi. Badala yake alikaa, akavua miwani, akaniuliza kwa nini nimewaandikia watu baki kabla ya kumwambia yeye. Kumbe ile ajali aliinyakua pale kaunta kwa ajili yangu! Alisema amenilea, mikono yangu anaijua, na kama angemwachia Injinia ingeisha kabla hatujafika nyumbani. Nimeona haya sana, na machozi yamenitoka, sifichi.

Ila Shangazi hasemi uongo. Alikataa katakata kuja kwenu kusema ameiangusha ilhali hakuiangusha. Basi akaiinua laptopu, akafumba macho, akaiachia. Ikalia pu! Na kioo kikawaka chote, kulia na kushoto, kama hakijawahi kuumwa. Nimeimaliza ramani, na sasa hivi natoka kumkabidhi mwoka mikate. Mafundi wanaanza Jumatatu.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, tafadhali usituongezee ajali hata moja. Tunayo moja, haijaguswa, na mwenyewe amesema ni yangu.