Namba Thelathini na Tatu Yupo

Jumatatu, 3 Februari

Leo sikukuu ya Mashujaa. Shule kesho. Hata hivyo nimevaa sare tangu asubuhi, ili izoee mwili. Mama kaniuliza kama jua limenipiga. Sisi watu wa mipango hatujibu kila swali.

Saa nne umeingia ujumbe wa Hafsa. Atachelewa kidogo. Mguu wa bibi yake umevimba, anamsubiri shangazi afike Quiterajo ashike zamu. Mwishoni kaandika: “Niwekee nafasi, Anchia.” Nimepiga hapo hapo, hapatikani. Mtandao wa Quiterajo unakuja ukipenda.

Darasa la kumi! Miaka mitatu ile tuliyokaa Pemba, hii ya Msumbiji, tumekimbia vita kwetu Quiterajo, tunalala watu tisa chumba kimoja, mimi na Hafsa tulikuwa tunaipanga siku hii. Getini pamoja, mguu wa kulia. Dawati la pili, upande wa dirisha. Yeye dirishani kwa sababu hawezi joto, mimi huku nje kwa sababu mimi ndiye msemaji. Kisha mjomba akapata kazi hapa Mocímboa, tukahamia. Hafsa akarudi Quiterajo kwa bibi. Mwaka mzima sijamwona. Mama yake kaja mwezi uliopita kumwandikisha kwenye shule yangu, kwa hiyo jina lipo. Kimebaki kiti tu.

Kuweka nafasi! Kuna kazi gani hapo?

Jumanne, 4 Februari

Kazi ipo. Wanafunzi themanini na wanne, madawati thelathini ya watu wawili wawili. Piga hesabu mwenyewe.

Nilifika kabla ya mlinzi kufungua darasa. Nikapita dirishani. Sketi imechanika, lakini dawati la pili likawa langu. Upande wa Hafsa nikatandaza kapulana yangu ya kujifunga, juu yake daftari, juu ya daftari kalamu. Kila aliyeuliza nilimwambia mwenyewe kaenda chooni.

Akaingia Senhora Glória wa ofisini. Katangaza kwamba namba isiyoitika wiki mbili za kwanza itafutwa, maana kuna watu wanasubiri. Wapo kweli. Nimewaona wamejipanga chini ya dirisha la ofisi, na karatasi zao mkononi.

Mwalimu wetu ni Telmo, katokea kusini huko, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Haangalii sura za watu. Anaangalia karatasi na kuita namba. Namba tano, mimi: presente, nipo! Namba thelathini na tatu: kimya. Nikavuta mtandio mdomoni, nikatoa sauti nyembamba kama ya mtu mwenye mafua. Presente. Telmo akatia alama.

Akili hizi zingekuwa za mtu mwingine ningemwonea wivu.

Njiani nimelia kidogo. Leo kila mtu alikuja na mtu wake. Siku niliyoingoja miaka mitatu nimeimaliza nikilinda kiti kitupu, na hata getini sikumbuki niliingia na mguu gani.

Jumatano, 5 Februari

Kuna adui. Anaitwa Ivânia. Baba yake kaletwa kufanya kazi utawala wa wilaya, wametoka Chimoio. Amefika jana mchana, leo hana pa kukaa. Kasimama mbele ya dawati langu na kuuliza kwa Kireno cha taratibu kama hapa pana mtu. Nikamjibu mwenyewe yuko chooni. Akasema atangoja. Kangoja! Vipindi viwili! Kisha akakaa sakafuni, karibu kabisa na mguu wangu, juu ya jalada la daftari, sketi yake nyeupe vumbi tupu.

Nimejitahidi nisimwonee huruma. Nimeweza kidogo tu.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya nne Hafsa yuko chooni. Darasa zima linamhurumia. Benvinda wa dawati la nyuma kaniambia kwao tumbo la namna hiyo linatibiwa kwa majani ya mpera. Kaleta chupa nzima, imechemshwa na mama yake, nimpelekee mgonjwa. Nikashukuru. Benvinda kasema tutakwenda wote, anataka amwone akinywa.

Sikuwa na njia. Nikamwambia hata mimi tumbo linanisumbua, tena zaidi. Nikainywa yote mbele yake.

Jumapili, 9 Februari

Majani ya mpera yanafanya kazi. Sitaandika zaidi.

Simu ya Hafsa haipatikani. Nimejaribu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nimeongea nayo hivyo hivyo, nimemweleza dawati lilivyo, dirisha linaangalia wapi. Mama kapita akaniuliza naongea na nani. Nikasema na Hafsa. Akauliza hajambo? Nikasema hajambo.

Jumatatu, 10 Februari

Mtihani wa ghafla. Telmo kaandika ubaoni: eleza faida za mikoko.

Namba isiyo na karatasi ni namba isiyokuwepo. Kwa hiyo nimeandika mbili. Yangu nimeimaliza upesi, maneno ya kitabuni, nusu yake nimesahau. Ya Hafsa nikaishika kalamu nikakwama. Nikajiuliza, yeye angesemaje? Hafsa hapendi maneno ya kitabuni. Angeanza na tope. Nikaandika tope la Quiterajo linavyomeza miguu mpaka magotini. Watoto wanavyojua shimo la kaa lenye mwenyewe na shimo lililohamwa. Samaki wadogo wanavyojificha kwenye mizizi mpaka wakue. Nikaandika siku tuliyomkamata kaa mkubwa, mimi nikamshika, Hafsa akapiga kelele. Mara kengele.

Nimekuwa naye saa nzima. Nilipoinua kichwa nikakuta kapulana tu.

Jumatano, 12 Februari

Majibu. Namba tano: nane kati ya ishirini. Namba thelathini na tatu: kumi na nne! Mtu hayupo na kanishinda!

Ubaya ni kwamba Telmo kaipenda. Kaisoma kwa sauti, tope na kaa na kelele. Kasema miaka sita anafundisha na hajapata jibu la namna hii. Kisha, mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe, akainua macho kutoka kwenye karatasi. Anataka kumwona namba thelathini na tatu. Aje ubaoni.

Nikajiambia nisimame mimi. Lakini nane zangu nilikuwa nimezifuata mbele dakika tano nyuma, sura yangu kaiona. Benvinda akaanza kusema maskini yuko chooni. Nikamkanyaga.

Akasimama Ivânia! Kutoka sakafuni, kajipangusa vumbi, kaenda mbele kama mwenyewe. Kapongezwa. Kajibu maswali ya mikoko vizuri, baba yake ana vitabu. Kurudi hakurudi sakafuni. Kaikunja kapulana, kaniwekea mapajani, kaketi dirishani. Kaninong’oneza kwamba tangu siku ya pili anajua choo hakina mtu. Akaongeza kwamba Hafsa mwenye kumi na nne hawezi kukaa chini.

Ukweli, hana makosa.

Alhamisi, 13 Februari

Mambo sasa yako hivi. Ivânia anaitika thelathini na tatu. Mimi naitika tano, kisha thelathini na nane, ambayo ni ya Ivânia, kwa sauti ya puani. Kipindi cha Telmo lazima nimwite yeye Hafsa. Mara ya kwanza nimelitamka huku nikiangalia daftari. Jina hilo lina mwenyewe, nami nambandika mtu anayenukia sabuni ya Chimoio.

Kanigawia mkate. Nimekula. Mpango ni mpango.

Ijumaa, 14 Februari

Wiki mbili zinaelekea kwisha na thelathini na tatu haina hata pengo moja. Senhora Glória kapita na daftari lake, kamsifu. Nimeshinda! Mchana simu imelia. Hafsa! Shangazi kafika, Jumapili anapanda gari, atapitia Mbau, Jumatatu yuko nami. Kaniuliza nafasi ipo? Nimemwambia ipo, tena inaheshimiwa.

Nimefua sare mara mbili. Nimecheka peke yangu mpaka mama kaniletea maji.

Jumatatu, 17 Februari

Nitaandika upesi kabla sijaanza kulia tena.

Hafsa kafika. Amekuwa mrefu. Kasimama mlangoni, begi mgongoni, anatafuta dawati la pili kwa macho. Telmo akauliza ni namba ngapi. Thelathini na tatu, akasema. Telmo akatazama karatasi. Akatazama Ivânia. Akamweleza kwa upole kwamba amekosea darasa, kwani Hafsa yupo, hajakosa siku hata moja, tena ana kumi na nne.

Hafsa akanitazama mimi. Akauliza kwa lugha yetu, “Anchia, umefanya nini weye?” Darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa Telmo ambaye hakuelewa.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri niliwaza kunyamaza. Lakini alikuwa ameshika mlango kama mtu aliyefika nyumba si yake, nami ndiye niliyemfanya hivyo. Nikasimama, nikasema yote. Nilipofika kwenye choo, Benvinda akafunika uso.

Ofisini tumekwenda watatu. Mama kaitwa. Alama zote za thelathini na tatu zimefutwa, zikabaki siku za kutokuwepo. Nafasi kapewa wa kwanza kwenye ule mstari wa dirishani. Hafsa katolewa darasa la asubuhi, katiwa la mchana. Mimi na Ivânia tutafagia uwanja wiki mbili.

Kisha Senhora Glória akavua miwani akaniuliza kwa nini sikuja kumwambia tu. Mwenye mgonjwa nyumbani huwekewa nafasi mwezi mzima. Kuna fomu. Akanionyesha fomu.

Telmo kampa Hafsa ile karatasi ya mikoko aisome. Kaisoma yote. Kwenye kaa kasimama. Kasema aliyemshika ni yeye, aliyepiga kelele ni mimi. Kisha akaishika kifuani na hakuirudisha.

Jumanne, 18 Februari

Sisi tunatoka saa sita na dakika kumi. Wao wanaingia sita na nusu. Dakika ishirini, hapo getini, kwenye vumbi, na fagio mkononi. Nilikuwa na mwaka mzima wa maneno. Nimemuuliza mguu wa bibi. Kajibu unapungua. Nimemuuliza joto. Kasema lipo. Tukashikana mikono tu, tukacheka bila sababu, na kengele ikalia. Kaingia. Nimemfuata kwa macho mpaka dirishani. Kakaa dawati la nne na msichana nisiyemjua, wanachekeana tayari.

Ivânia kashauri nimwandikie Senhora Glória barua, nieleze vizuri, niombe kuhamia mchana. Anasema kuna fomu ya hiyo pia, huchukua wiki mbili. Mama kasema hivyo hivyo. Hafsa mwenyewe kasema hivyo hivyo.

Wiki mbili! Mimi nimeshachungulia orodha ya mchana. Kuna namba kumi na moja, hajaonekana tangu shule ifunguliwe, na mwalimu wao ni yule yule Telmo, ambaye akiita haangalii sura. Ni mvulana, jina lake Délcio. Tangu alasiri niko uani nafanya mazoezi ya sauti nzito.